Nisomee Muhogo Wangu

Jumanne niling'oa shina moja kwa Nyevu Mwaringa,
Marikebuni, upande wa mto. Mihogo minne.
Wa kwanza kisu kiliingia vizuri, ganda likaachia,
lakini ndani, penye weupe wa kuleta mate,
doa la kahawia, kavu, kama kizibo cha chupa.
Wa pili vile vile. Wa tatu.
Wa nne alininyang'anya: "Huu nitamkatia mbuzi mwenyewe."

Na majani yalikuwa mazuri. Ndio ubaya wa michirizi:
nguo safi juu, fedheha iko chini.

Miaka mitatu nyuma, shambani hapa hapa, nilikata pingili,
nikaifunga gazeti bichi, nikaiandika kwa wino usiofutika:
Msabaha 117, kibandameno, shamba la Nyevu.
Ikapanda ndege ndani ya barafu.
Kampuni ikaisoma toka kichwa hadi mkia,
herufi nne tu, zikirudiwa mamilioni kwa mamilioni,
kama mwana wa chuoni aliyepewa juzuu isiyokwisha.
Kisha wakafunga kitabu, wakakikalia.

Nimeomba. Fomu kurasa kumi na tisa,
mhuri wa mkurugenzi, na mkurugenzi yuko semina.
Aliyenijibu ni Feisal Bakathir,
tuliyechangia naye darubini na mahamri miaka ya chuo.
"Zena, mambo haya si yangu.
Tukiwapa bure, mshindani akachota humo humo,
nani atalipa mashine?"
Swali si la kipumbavu. Mashine zinakula.
Akanipa nusu, majina yameng'olewa:
117 imekuwa X-40061.
Nyevu hayumo. Marikebuni haimo. Mto umekauka.

Nilimtukana moyoni siku nzima.
Jioni nikavuta droo kutafuta stepla,
nikakutana na daftari zangu nane.
Misimu minane, masika na vuli, shamba kwa shamba:
nani alipanda nini, kipi kilioza, kipi kilikataa kuoza.
Mwenzangu wa Kibaha ameziomba mara mbili.
Nilimjibu: bado nazisafisha.
Nazisafisha tangu mwanangu hajaota meno,
na sasa anayang'oa.
Ukweli ni kwamba naogopa atachapisha kabla yangu.
Akiba haiozi, walisema.
Waliosema hawakupanda muhogo.

Alhamisi nikarudi. Nyevu yuko uani
anamgawia jirani pingili, fungu kwa fungu,
hana hesabu, hana risiti,
na ugonjwa umo ndani ya fungu, anaugawa pia.
Ikabidi niseme. Jirani akaweka chini alichobeba
polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
Tukachoma. Pingili mbichi hazishiki moto,
zinafuka tu.

"Na hao waliousoma muhogo wangu,"
akauliza Nyevu, macho yamejaa moshi,
"umeandikwa nini? Nisomee."
Nikamwambia kuna mkataba,
hata ile nusu nimetia sahihi nisiitoe nje.
"Wewe ulipokuja na kisu," akasema, "sikukutaka sahihi."
Wala hakupandisha sauti. Akachochea.

Usiku huu napiga daftari picha, ukurasa kwa ukurasa,
stima inakwenda inarudi,
kidole gumba kimeingia kwenye picha ya tatu. Nimekiacha.
Zinakwenda Kibaha, nakala kwa Feisal,
na juu ya barua nimerudisha kilichong'olewa:
117. Kibandameno. Nyevu Mwaringa, Marikebuni, upande wa mto.
Nimemuuliza mwenyewe kwanza kama jina litoke.
"Litoke," alisema, "na waliandike sawasawa."

Asilimia sita. Imekwama. Saba.

Kukicha nitampigia Nyevu. Nataka kujua
kama mbuzi aliula ule wa nne,
na alipoukata, kabla hajamtupia,
ndani ulikuwa na rangi gani.